Frateri na neno manchet

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya benki simu ilipoita kwa namba nisiyoifahamu. Mwanamke akauliza kwa sauti ya chini kama mimi ndiye yule aliyesoma Guangzhou miaka ile. Nikasema ndiye. Akasema, "Wifi, kaka yako ametutoka jana." Sikuwa na haja ya kuuliza kaka yupi. Ni mtu mmoja tu asiyezaliwa tumbo moja nami ambaye mkewe angeweza kuniita wifi na neno likakaa mahali pake, na nilikuwa sijamtia machoni kwa miaka minane. Alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake, mama yule akaniambia, akalalamika kifua, na kabla hawajapata gari la kumpeleka hospitali yakawa yamekwisha. Niliiacha foleni, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje na mkoba wangu mapajani, na kwa muda mrefu sikukumbuka nilikuwa nimefuata nini pale benki.

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanajua kwamba huwa sitaji majina ya watu, walio hai wala waliotangulia. Marehemu nitamwita kama tulivyomwita sote kule Uchina: Frateri, jina la mseminari ambaye hajawa padri. Alikuwa mtoto wa Matombo, Morogoro, aliyepelekwa seminari angali mdogo na kukaa huko mpaka ukabaki mwaka mmoja tu apewe upadri. Akaacha. Sababu hakuieleza nami sikumchokonoa. Ila seminari ilimwachia mambo mawili: sauti ya mtu aliyezoea kusoma mbele ya watu walionyamaza, na Kilatini, alichofundishwa na padri mmoja mzee wa Kiholanzi aliyekuwa akilia kwa furaha darasani mwanafunzi akipatia kitenzi. Guangzhou alikuja kwa ufadhili wa masomo, kusomea isimu, akiwa ametuzidi sisi wengine umri kwa miaka kumi hivi. Mimi nilikuwa binti wa shahada ya kwanza, na kama wanafunzi wengi wa kwetu, siku za Jumamosi nilikuwa mkalimani wa wafanyabiashara. Yeye pia.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili, biashara imepamba moto. Mtu alishuka uwanja wa ndege wa Baiyun asubuhi na begi tupu, mchana yuko Zhanqian Road anapapasa vitambaa, na kabla ya wiki kwisha mzigo wake umeshafungwa. Sisi wanafunzi ndio tuliokuwa midomo yao. Jioni tulikutana Huanshi Zhonglu, kwenye mgahawa mmoja wa Waislamu wa kaskazini uliouza tambi na nyama ya kondoo, ambako meza moja ilikuwa ya Wazanzibari, ya pili ya Wakongo, ya tatu ya Wakenya, na sisi wanafunzi tulikaa popote palipobaki. Frateri alikuwa na daftari la mraba ambamo aliandika maneno. Si ya kujifunza tu, bali maneno na kabila zake, kama mtu anayeandika ukoo.

Nakumbuka jioni niliyomtambulisha kwa Bi mmoja wa Unguja, mjane wa makamo aliyekuwa akinunua magauni ya watoto, ambaye baadaye atatokea sana katika habari hii. Bi alitoa leso kujifuta jasho. Frateri akamuuliza kama anajua kwamba neno hilo tumelipata kwa Wareno, na Wareno wamelirithi kutoka Kilatini, jina la kitambaa cha kitani. "Na hiyo meza uliyoiegemea ni hivyo hivyo," akaongeza. Bi alimtazama, akaitazama leso yake, akaikunja. "Leso yangu mie n'meinunua Darajani, baba. Usin'tilie Warumi ndani yake." Meza nzima ilicheka, na Frateri ndiye aliyecheka kuliko wote. Toka siku hiyo Bi hakutaka mkalimani mwingine. Alisema mtu anayejua mpaka babu wa maneno hawezi kudanganywa na muuza nguo.

Mwaka uliofuata Bi alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mholanzi mmoja na mkewe walikuwa wakijenga hoteli pwani ya mashariki ya Unguja, na Bi akapewa yeye kuwaletea sare za wafanyakazi: mashati mia tatu. Maelezo ya mshono aliyaandika yule mke kwa Kiholanzi, pamoja na mchoro, yakaja kwa faksi. Mchoro ulitoka vibaya. Kiwiliwili cha shati kilionekana na kando yake neno lenye maana ya buluu. Mshale mmoja ulionyesha kola, nyeupe. Na mshale wa pili, uliotoka kwenye neno "manchet", nao uliandikiwa nyeupe, lakini ncha yake ilizama kwenye doa jeusi lililofunika mkono mzima wa shati, kuanzia begani mpaka chini.

Tulikuwa watatu kwenye karakana ile, orofa ya nne nyuma ya masoko ya Zhanqian Road: Bi, Frateri na mimi niliyewasindikiza. Kiholanzi cha Frateri kilikuwa kidogo, salamu, sala, majina ya rangi, na matusi machache ya padri mzee gari lilipogoma. Neno manchet hakuwahi kulisikia. Bi akasema, "Hebu tuwapigie wenyewe tuwaulize." Frateri akainua mkono kumzuia. Namwona mpaka leo, uso umemng'aa. "Hakuna haja, Bi. Hili lina asili ya Kilatini. Manus ni mkono. Kutoka manus wakapata manica, mkono wa nguo. Warumi walifikiri kama sisi Waswahili: mkono wa mtu mkono, mkono wa shati mkono. Manchet ni mkono wa shati." Na Bi, ambaye hakuwa na muda maana hoteli ilikuwa na siku yake ya kufunguliwa, akaridhika.

Mkataji wa karakana ile alikuwa mwanamke wa Kichina wa miaka arobaini hivi, kutoka mkoa wa mbali, mwenye alama ya mkasi iliyokuwa imezama kwenye kidole gumba kama pete. Frateri alipomwambia kwa Kichina kwamba mikono iwe myeupe, aliweka chini chaki. "Xiuzi au xiukou?" akauliza. Xiuzi ni mkono wote wa nguo. Xiukou, ambayo ukiipasua maana yake ni mdomo wa mkono, ni lile pindo la mwisho linalofungwa kifungo penye kifundo. Frateri akasema xiuzi. Mwanamke akatazama jora la buluu, akasema kwa upole kwamba shati la mhudumu lenye mikono mizima myeupe litachafuka kabla ya saa sita. Akauliza tena: "Xiuzi? Una hakika?" Frateri akatabasamu, akamjibu kwamba ana hakika. Bi hakuelewa Kichina. Mimi nilielewa. Na kusema kweli hata mimi nilimwona yule mama anatupotezea wakati.

Mashati yalipokwisha Bi aliyapiga picha, akaituma hotelini. Jibu lilikuja siku ya pili, na halikuhitaji mkalimani. Mke wa Mholanzi alikuwa ametaka shati la buluu, mikono ya buluu, kola nyeupe na pindo la mkononi jeupe. Manchet ni lile pindo. Tulichokuwa nacho sisi kilikuwa mashati mia tatu yanayofanana na mtu aliyechovya mikono yote kwenye chokaa. Bi alikaa juu ya gunia, simu mkononi, akisema, "Sasa n'fanye nini, jamani? Sasa n'fanye nini na mashati haya?" Hakuwa akimuuliza mtu.

Mwenye karakana, laoban kama tulivyowaita wote wenye mali, alikuja akiwa ameshafanya uamuzi. Aliangalia mashati, akaangalia karatasi, akamgeukia mkataji. Akasema mbele ya wote, mashine zimezimwa, kwamba mwanamke huyu ametoka kijijini, masikio yake hayajazoea matamshi ya wageni, ameambiwa kitu kimoja akasikia kingine, na kwamba akusanye vitu vyake. Mkataji hakujitetea. Aliukunja mkono wa shati moja, akaukunjua, akaukunja tena. Nadhani alishajua kwamba neno lake halingepimwa kwenye mzani mmoja na letu. Sisi tulikuwa wateja na tulikuwa wasomi.

Sasa nifike nilipokuwa nikiogopa kufika. Bi alikuwa mbali kidogo, juu ya gunia lake, hasikii. Katika chumba kile watu watatu tu walijua ukweli: mkataji, Frateri na mimi. Karakana ikikubali kwamba kosa ni lake, itashona upya, Bi atapona, na Frateri atabaki Frateri. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna Mchina pale aliyeijua. "Kaka, nyamaza," nilimwambia. "Huyu atapata kazi kwingine, karakana ziko tele. Wewe ukisema, hapa Guangzhou umekwisha." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sisemi hivyo kujitetea. Nilijua nilichokuwa nikisema.

Frateri alinitazama kama anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Kisha akapiga hatua mbili mbele, akasema kwa Kichina, kwa ile sauti yake ya kusomea: "Alisikia sawasawa. Mimi nilimwambia xiuzi. Aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nikamwambia nina hakika. Kosa ni langu, si lake." Akamgeukia Bi, akayarudia yale yale kwa Kiswahili, pamoja na kwamba mkataji alikuwa ameuliza na yeye akampuuza. Bi aliinuka kutoka kwenye gunia. "Frateri," akasema, "umen'ua. N'likwambia tupige simu. N'likwambia!" Akaondoka bila kutusubiri, na tulisikia viatu vyake kwenye ngazi orofa zote nne.

Aliyeokoa mambo alikuwa mkataji. Laoban alipotoka kwenda kuvuta sigara, yeye alivuta shati moja, akaligeuza ndani nje, akatuonyesha. Mapindo yalikuwa tayari meupe na yamekwisha kushonwa. Ukifumua mkono begani na kufumua pindo chini, utakata mkono mpya wa buluu, utarudisha pindo lile lile. Jora la buluu lililobaki lilitosha, na lilikuwa limetiwa rangi pamoja na lile la kwanza, halingetofautiana. Kazi ilikuwa ni kufumua bila kuchana kitambaa: mikono mia sita, kila mmoja mara mbili. Frateri aliomba kisu kidogo cha kufumulia, akavuta kiti. Nami nikavuta changu, kwa aibu zaidi kuliko kwa wema. Siku ya tatu mlango ulifunguliwa akaingia Bi na sufuria ya wali. Hakutusalimu. Aliukunja mkono wa baibui lake mpaka kwenye kiwiko, akakaa kati yetu, akatwaa shati. Baada ya kufumua mashati kama matano hivi akasema bila kuinua macho, "Huyo mama wa Kichina kesha kula?" Ndipo tulipojua kwamba amesamehe, au ameanza.

Ilituchukua siku sita. Mashati yalipelekwa Baiyun yakaondoka kwa ndege, maana meli isingewahi tena, na Bi akafika hotelini siku mbili kabla ya wageni. Mkataji alibaki kazini. Lakini wafanyabiashara husikia haraka. Mpaka mwisho wa masomo yake Frateri hakuitwa kutafsiri hata kwenye duka la soksi, na pale mgahawani kuna waliomwita Bwana Mikono. Jioni moja baada ya mambo hayo, mama mmoja wa Kikongo wa meza ya jirani, muuzaji wa viatu kutoka Lubumbashi, alimuuliza ni neno gani hasa lililompeleka pabaya. Frateri alipolitaja, mama yule alishika kifundo cha mkono wake. "Manchette? Njo hii hapa, ndugu. Ni Kifaransa. Mikono yote ni manche. Manchette ni kale kadogo ka mwisho. Juu ya nini haukuniuliza? Miye niko hapa kila siku."

Frateri alilifungua daftari lake la mraba. Aliniambia baadaye kwamba maneno yale yalimuuma kuliko jina la Bwana Mikono. Kilatini chake hakikumdanganya: manus, manica, yote ni kweli. Lakini neno lilikuwa limetoka Roma likaenda kukaa Ufaransa, na huko likaongezwa mkia wa kulifanya dogo, kama sisi tunavyosema kijiji na kitoto; ndipo Waholanzi wakalichukua likiwa limeshapungua. "Nilimjua babu yake," alisema, "nikadhani nimemjua yeye."

Nimeyafikiri sana maneno hayo katika miaka iliyopita. Kote mjini wakati ule tulikuwa tukisomwa kwa asili zetu. Mwenye duka alikutazama rangi akajua, kwa maoni yake, utanunua nini na utapunguziwa kiasi gani. Sisi nasi tuliwatazama Wachina wa karakana tukawaona mikono tu, mikono ya kukata na kushona, isiyokuwa na maoni juu ya shati litakalochafuka kabla ya saa sita. Mikataba mizima ya zama zile ilisimama juu ya maneno ya vijana wenye kamusi za mfukoni, na neno lilipopotea njiani baina ya lugha nne, aliyelipia alikuwa yule aliye chini kabisa, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa ameuliza swali la maana. Sijui ni wakataji wangapi waliokusanya vitu vyao katika miaka ile kwa sababu ya hakika ya mtu msomi. Ninachojua ni kwamba mmoja hakuvikusanya.

Nilikwenda Matombo kuzika. Kwa kuwa nilikuwa peke yangu niliyesoma naye nje, familia iliniomba niseme machache. Niliandaa maneno mazuri: bidii yake, lugha zake, upole wake. Kabla ya ibada niliingia chumba cha wanawake, nikakaa kwenye mkeka karibu na mjane, nikamwambia kwa kumtuliza kwamba yale ya mashati sitayagusa, siyo ya siku kama ile.

Akashangaa. "Kwa nini, wifi? Hayo kila mwanafunzi wake anayajua. Kila mwaka, kidato cha kwanza, somo la kwanza, ndiyo anayoanza nayo. Anaandika ubaoni manchet, anawaambia alivyopotea, na alivyomkatalia mama wa watu aliyemuuliza mara mbili. Anasema hataki mtoto aogope kumuuliza mwalimu mara ya tatu."

Nikauliza kama alisema nilikuwepo.

"Anasema ulikaa siku sita unafumua nyuzi mpaka vidole vikavimba. Anasema ndiyo maana alikufanya mdogo wake."

"Na kabla ya hapo," nikasema, "alikwambia nilimwambia nini?"

Alinitazama. "Kwani ulimwambia nini?"

Miaka yote hiyo alikuwa amelisimulia kosa lake kwa mamia ya watoto, tena hadharani, na langu hakulipeleka hata kwenye mto wa kitanda chake. Nikamweleza mjane, pale pale, kwa sauti ndogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatengeneza khanga yake mabegani, akasema, "Hakuniambia. Kusema ama kutosema ni juu yako." Nilipoitwa mbele sikuyatumia maneno niliyoyaandaa. Nilisimama mbele ya wanafunzi wale waliovaa sare zao, nikawaeleza kwamba katika kisa wanachokijua kulikuwa na mtu aliyemwambia mwalimu wao anyamaze, na kwamba mtu huyo ndiye mimi. Binti mmoja wa mstari wa mbele aliinua uso akanitazama sana, na nikauvumilia mtazamo wake.

Wengi wetu tunajua kufanya kinyume chake: la jirani tunalitangaza, la kwetu tunalifunika. Frateri alilifunua la kwake kila mwaka, la mwenzake akalisitiri mpaka kaburini. Lakini nimejifunza kwamba sitara ya namna hiyo si zawadi ya kukaa nayo. Ni muda unaopewa na mtu mwema, ili siku moja ulitaje mwenyewe lililo lako.